Admirali Aliyeikana Ramli

Gazeti la The Times la London, toleo la Agosti 1, 1861, lilikuwa na habari ndogo ambayo msomaji mwenye haraka angeipita bila kuiona. Ilikuwa mistari michache tu kuhusu hewa ya siku mbili zijazo. Kaskazini mwa Uingereza, upepo wa wastani kutoka magharibi. Upande wa magharibi, upepo wa wastani kutoka kusini-magharibi. Kusini, upepo wenye nguvu kiasi kutoka magharibi. Na kote huko, anga safi. Hapakuwa na mvua wala tufani wala chochote cha kumfanya mtu akumbuke mwavuli. Lakini mistari hiyo ndiyo iliyoanza kuwapa raia, kupitia gazeti na kwa kibali cha ofisi ya serikali, habari za hewa ambayo ilikuwa bado haijafika.

Aliyeiandika ni Robert FitzRoy, admirali wa jeshi la maji, mtu wa miaka 56, mwembamba, mkali, mwenye adabu za kizamani. Kazi ilikuwa mpya kiasi kwamba haikuwa na jina, na jina lilimsumbua. Kiingereza hakikuwa na uhaba wa maneno ya kumwelezea mtu anayesema yatakayokuja. Kulikuwa na "prophecy", neno la Kigiriki lililopitia kanisani, nalo lilimhusu nabii, mtu anayesema kwa niaba ya Mungu. Kulikuwa na "prediction", la Kilatini, maana yake kusema kabla. Na kulikuwa na "prognostication", ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limechapwa kwenye vijitabu vya wanajimu hadi likawa na harufu ya soko. FitzRoy aliyaacha yote. Katika kitabu chake kuhusu hewa, kilichotoka mwishoni mwa 1862, alikana waziwazi kwamba anachotoa ni unabii au ubashiri. Ni rai, alisema, inayotokana na kuunganisha vipimo na kuvipigia hesabu kisayansi, na neno linaloifaa ni "forecast".

Neno lenyewe lilikuwa la zamani. Sehemu yake ya pili, "cast", ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia, ambao kwao kasta ni kutupa. Waingereza walilishika wakalitumia kwa kila kitu: kutupa wavu, kutupa kura, kumimina chuma cha moto kwenye kalibu. Wakalitumia pia kwa kupiga hesabu, kwa sababu karani wa zamani, kabla tarakimu tunazozitumia leo hazijazoeleka Ulaya, alihesabu kwa kusogeza vipande vya shaba juu ya meza iliyochorwa mistari. Kufikia mwisho wa karne ya 14 neno lilikuwa limewekewa "fore", yaani mbele, nalo likawa na maana ya kupanga jambo kabla halijafika. Mwenye sifa hiyo alikuwa mtu wa kuona mbali, kama mfanyabiashara anayejua msimu wa pamba utakavyokuwa au jenerali anayejua mto utajaa lini. Halikuwa neno la madhabahuni. Lilikuwa la ofisini.

Ila halikuwa safi kabisa. Mnajimu wa Kiingereza naye, alipomchorea mtu nyota yake, "alitupa". Kiswahili hakina cha kuwacheka Waingereza hapo, maana kwetu mtu hupiga hesabu na hupiga ramli, kitenzi ni kilekile, na ukisikia nusu ya sentensi huwezi kujua kama mwenzako amekaa na karani au na mganga. Neno alilolichagua FitzRoy ili limtoe katika nyumba ya wapiga ramli lilikuwa na mguu mmoja ndani ya nyumba hiyohiyo.

Na nyumba hiyo, katika London ya wakati ule, ilikuwa na wateja wengi. Vijitabu vya almanaka viliuzwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, vikiwa na siku za mavuno, za vifo vya wafalme, za mvua na za theluji. Mwaka 1838 Mwairishi mmoja, Patrick Murphy, aliandika katika almanaka yake kwamba Januari 20 huenda ikawa siku ya baridi kali kuliko zote msimu ule. Siku ilifika, na baridi ikawa kali kweli. Watu walifurika kwenye duka la mchapishaji mpaka askari wakaitwa kuwazuia, na kijitabu kikachapishwa tena na tena. Murphy alipata pauni elfu tatu hivi, halafu akazipoteza karibu zote kwa kubahatisha bei za nafaka, jambo ambalo mtu angedhani nyota zingemwonya. Waliokaa baadaye wakakagua kitabu chake siku kwa siku walikuta kwamba alipatia kwa namna fulani siku 168 na kukosea kabisa siku 197. Kurusha shilingi kungefanya vizuri zaidi.

Murphy alikuwa wa kuchekesha. Zadkiel alikuwa wa kuogopesha zaidi. Hilo lilikuwa jina la biashara la Richard James Morrison, luteni mstaafu wa jeshi la maji, jeshi lilelile la FitzRoy. Katika almanaka yake ya 1861 aliandika kwamba Zohali ingeleta shari kwa waliozaliwa karibu na Agosti 26, na miongoni mwao akamtaja mume wa Malkia Victoria. Mwezi Desemba mwaka huo Prince Albert akafariki. Admirali mmoja, Edward Belcher, alimshambulia Zadkiel gazetini, Morrison akamshitaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 1863 mahakama ikampa ushindi na fidia ya shilingi ishirini, kiasi ambacho kilikuwa tusi kuliko fidia. Kumbuka pia kwamba sheria ya wazururaji ya 1824 ilimhesabu mtu anayedai kusoma bahati za watu kuwa mhalifu. Kwa hiyo serikali ilikuwa inamlipa admirali mmoja mshahara ili aseme kesho itakuwaje, huku sheria zake zikimruhusu polisi kumkamata mwanamke wa sokoni kwa kusema jambo la aina hiyohiyo. FitzRoy alikuwa na sababu ya kuogopa maneno.

Alikuwa na sababu nyingine, ya zamani zaidi, ya kuogopa hewa. Alizaliwa Julai 5, 1805, katika ukoo wa watawala. Babu yake, Duke wa Grafton, aliwahi kuwa waziri mkuu. Aliingia chuo cha jeshi la maji Portsmouth akiwa mtoto, na alipofanya mtihani wa uluteni alipata alama zote, kitu ambacho hakuna aliyekifanya kabla yake. Mwaka 1828, huko kusini kabisa ya Amerika ya Kusini, nahodha wa meli ya upimaji Beagle, Pringle Stokes, alielemewa na upweke na baridi ya pwani ile akajiua. FitzRoy akapewa meli. Alikuwa na miaka 23.

Mwezi uliofuata, Januari 1829, Beagle ilikuwa inakaribia Maldonado, kwenye mlango wa Rio de la Plata. Pwani ile inajulikana kwa upepo unaoitwa pampero, unaotoka mbugani ghafla kama mlango uliopigwa teke. Baromita ilikuwa imeshuka na mawingu yalikuwa na sura mbaya, lakini nahodha kijana alikuwa na hamu ya kufika bandarini na hakupunguza matanga mapema. Upepo ulipopiga, meli ililala ubavu. Milingoti ya juu ikavunjika, matanga yakachanika, na mabaharia wawili waliokuwa juu kwenye foromali wakarushwa baharini wakazama. Meli iliinuka, wengine wakapona. Tangu siku hiyo FitzRoy alikuwa mtu wa baromita. Aliitazama kabla ya kulala na kabla ya kula, na kwa miaka yote ya safari iliyofuata hakupoteza tena mlingoti mkubwa hata mmoja.

Safari hiyo iliyofuata, ya 1831 hadi 1836, ndiyo iliyompa umaarufu, ingawa si yeye aliyeuchukua. Alitaka mtu msomi wa kula naye mezani, maana alijua upweke ulivyomfanya Stokes, na aliyepatikana ni kijana wa Cambridge aitwaye Charles Darwin. Yaliyotoka humo yanajulikana. Mwaka 1860, Oxford, ulipofanyika mjadala ule maarufu kuhusu kitabu cha Darwin cha asili ya viumbe, FitzRoy alikuwepo. Alikuwa amekuja kusoma makala kuhusu tufani. Akasimama katikati ya umati akiinua Biblia juu, akiwasihi watu wamwamini Mungu kuliko mwanadamu. Hakusikilizwa. Kati ya Beagle na Oxford alikuwa amepita Bungeni na pia New Zealand, ambako alikuwa gavana kuanzia 1843. Huko aliwaambia walowezi wa Kizungu kwamba katika umwagaji damu uliotokea mahali paitwapo Wairau, wao ndio walioanza makosa dhidi ya Wamaori. Aliondolewa 1845.

Ofisi ya hewa alipewa 1854, ndani ya Bodi ya Biashara, na haikuwa ofisi ya kutazama kesho hata kidogo. Mataifa ya baharini yalikuwa yamekutana Brussels mwaka uliotangulia kwa msukumo wa Mmarekani Matthew Maury, yakakubaliana kukusanya taarifa za upepo na mikondo kutoka kwenye vitabu vya manahodha, ili meli zijue njia za haraka. FitzRoy aliajiriwa kama mtu wa takwimu, na makarani wachache. Mwaka huohuo mbunge mmoja, John Ball, alisema Bungeni kwamba huenda siku si nyingi hali ya hewa ya London ikajulikana saa 24 kabla. Kumbukumbu za Bunge zimeandika kilichofuata: kicheko.

Lakini FitzRoy hakuwa mtu wa kukusanya karatasi akalala. Alianza kupeleka baromita katika vijiji vya wavuvi maskini, zikafungwa ukutani mahali pa wazi ambapo kila mtu angezisoma kabla ya kusukuma mashua. Kisha ikaja usiku wa Oktoba 25, 1859.

Royal Charter ilikuwa meli ya chuma, yenye matanga na injini ya mvuke, iliyotoka Melbourne mwishoni mwa Agosti ikielekea Liverpool. Ilibeba dhahabu ya zaidi ya pauni laki tatu kwenye chumba chake cha hazina, na nyingine isiyojulikana kiasi ilikuwa mifukoni na viunoni mwa abiria, wachimbaji waliokuwa wanarudi nyumbani matajiri. Miezi miwili walikuwa baharini. Ireland walishaiona, Liverpool ilikuwa safari ya siku moja. Upepo ukageuka ukawa tufani, ukaisukuma meli kwenye pwani ya Anglesey huko Wales. Nahodha akatia nanga mbili, minyororo ikakatika. Alfajiri meli ilikuwa imekwama karibu na kijiji cha Moelfre, mita chache tu kutoka nchi kavu, na mawimbi yanaivunja. Baharia kutoka Malta, Guzi Ruggier, aliyejulikana melini kama Joseph Rogers, akajifunga kamba kiunoni akaruka katika povu lile. Alirudishwa na mawimbi, akajaribu tena, akafika ufukweni. Kwa kamba hiyo watu walianza kuvutwa mmojammoja, hadi meli ilipokatika vipande viwili. Walikufa watu wapatao 450. Waliopona ni arubaini hivi, wote wanaume. Inasemekana kuna waliozama kwa uzito wa dhahabu walioivaa. Charles Dickens alikwenda Moelfre baadaye akakuta mchungaji wa kijiji bado anawaandikia barua ndugu wa marehemu.

Tufani ile ilizamisha meli 133 kwenye pwani za Uingereza na kuua watu karibu 800. FitzRoy alikusanya vipimo vyote alivyoweza kupata, vya minara ya taa, vya meli, vya wasomi wa vijijini, akachora tufani saa kwa saa kwenye ramani. Alichokiona kilimkosesha usingizi. Tufani haikuzaliwa Anglesey. Ilikuwa imepita njia, ikitoka kusini kwenda kaskazini, ikizunguka kama gurudumu, na mahali ilipopiga kwanza palikuwa na telegrafu. Waya ungeipita mbio. Kijiji kilichokuwa na upepo asubuhi kingeweza kukiambia kijiji ambacho upepo wake ulikuwa unakuja usiku.

Ruhusa ilipatikana, na vituo 15 vya telegrafu vikaanza kutuma vipimo London. Februari 1861 maonyo ya kwanza ya tufani yalitoka. Yalikwenda bandarini kwa waya, na mlinzi wa bandari akapandisha mlingotini alama za turubai nyeusi ambazo FitzRoy alizibuni mwenyewe. Koni iliyoelekeza ncha juu ilimaanisha tufani kutoka kaskazini, ncha chini kutoka kusini. Umbo la ngoma lilimaanisha pepo kali za kubadilika upande. Koni na ngoma pamoja zilimaanisha hatari kubwa, kaa nyumbani. Usiku taa zilipangwa pembetatu au mraba.

Sasa fikiria mvuvi wa pwani ya mashariki, ambaye baba yake na babu yake walisoma hewa kwa rangi ya machweo na kwa maumivu ya goti, anaambiwa na turubai kutoka London asitoke. Katika tufani ya Februari 9 mwaka huo meli nyingi ziliangamia pwani ya kaskazini-mashariki, zikiwemo zilizotoka bandarini licha ya onyo. Whitby, mashua ya uokoaji ilitoka mara tano siku hiyo ikaokoa watu. Mara ya sita ikapinduka. Kati ya mabaharia 13 alipona mmoja, Henry Freeman, naye ndiye pekee aliyekuwa amevaa koti jipya la kuelea lililotengenezwa kwa magome ya aina ya mwaloni wa Ulaya, kitu kilekile tunachozibia chupa. Baada ya wiki hiyo wachache waliendelea kuicheka ile koni.

Kutoka onyo la tufani hadi habari ya hewa ya kesho ilikuwa hatua ndogo. Vipimo vilikuwa vinafika kila asubuhi hata kama hakuna tufani, na FitzRoy aliona ni uchoyo kuvificha. Saa mbili asubuhi vituo vilisoma baromita, joto, unyevu, upepo na mawingu. Telegramu ziliingia ofisini London, vipimo vikasahihishwa na kuandikwa kwenye jedwali, na admirali, au msaidizi wake, akavitazama vyote kwa pamoja. Kabla ya adhuhuri maneno ya kesho na keshokutwa yalikuwa yameandikwa na kunakiliwa kwa magazeti, kwa jeshi la maji na kwa watu wa bima ya meli. Jumapili telegramu hazikuja. Fomula hazikuwepo. Kulikuwa na ramani, kumbukumbu za tufani zilizopita, nadharia iliyokuwa nusu sahihi kuhusu kukutana kwa hewa ya nchi za joto na hewa ya ncha ya dunia, na jicho la mtu aliyekaa baharini miaka mingi. Hilo jicho ndilo lililokuwa tatizo. Alichokiita hesabu, kwa kiasi kikubwa kilikuwa uzoefu, na uzoefu hauwezi kuandikwa ili mwingine aukague.

Umma ulilipenda jambo hili mara moja, na kwa sababu mbaya. Waliopanga maonyesho ya maua, mbio za farasi na mandari waliyasoma yale maneno kama walivyoyasoma ya Zadkiel. Inaelezwa kwamba hata kutoka kwa Malkia walikuja wajumbe kuuliza kama bahari itatulia atakapovuka kwenda kisiwa cha Wight. FitzRoy aliandika mara kwa mara kwamba yeye hatoi ahadi, kwamba neno lake ni rai. Hakuna aliyelisikia. Ilipokosea, ilikuwa ni nabii aliyekosea, na nabii akikosea ni mwongo. Magazeti yalicheza naye. The Times, lililomchapisha kila siku, mwaka 1864 liliwaambia wasomaji wake kwamba halidai sifa pale maneno hayo yanapotimia na lisilaumiwe kwa mara nyingi yanapokosea. Wenye mashua za uvuvi walilalamika kwa njia nyingine kabisa: koni ikipanda, mabaharia wanakataa kutoka, na siku bila samaki ni hasara ya mwenye mashua, si ya baharia.

Waliomuumiza zaidi walikuwa wasomi. Kwao sayansi ilimaanisha kanuni ya aina ya Newton, ambayo kwayo mtu hukokotoa kupatwa kwa jua miaka mia mbele kwa dakika. Mtu anayesema huenda, pengine, kwa kadiri tuonavyo, huyo kwao hakuwa amevuka mpaka kati ya kituo cha nyota na kibanda cha mnajimu. Ni hukumu ninayoiona kali kupita kiasi, maana ndani ya lile "huenda" ndimo ilimokuwa sayansi mpya, lakini hesabu za uwezekano zilikuwa bado changa na FitzRoy mwenyewe hakuwa na hisabati ya kuzitetea. Alikuwa na masikio yaliyoanza kuziba, madeni, na uchovu. Sehemu kubwa ya mali yake alikuwa ameimalizia kwenye kazi ya umma. Na alijua jambo jingine lililomtisha maisha yake yote: mjomba wake, waziri wa mambo ya nje Lord Castlereagh, alijiua 1822, FitzRoy akiwa kijana.

Jumapili, Aprili 30, 1865, asubuhi, nyumbani kwake Upper Norwood kusini mwa London, FitzRoy naye akajiua. Marafiki walichangisha pauni 3,000 kwa ajili ya mjane na watoto. Darwin, ambaye hawakuwa wakielewana naye kwa miaka, alitoa mia moja.

Kamati ya kukagua kazi yake iliongozwa na Francis Galton, binamu yake Darwin. Ilikagua jedwali baada ya jedwali na kutoa ripoti 1866. Maneno ya kila siku, ilisema, hayana msingi wa kisayansi, na maonyo ya tufani nayo, pamoja na kwamba mabaharia wameyaona yana faida, yanatolewa kwa kubahatisha kuliko kwa kanuni. Vyote vikasimamishwa kabla mwaka haujaisha. Bandarini koni zilishushwa. Kilichotokea baadaye wasomi hawakukitarajia: watu wa bahari ndio waliopiga kelele. Barua zilimiminika kutoka bandarini, na maonyo ya tufani yakarudishwa mwaka uliofuata. Aprili 1, 1875, The Times lilichapisha ramani ya kwanza ya hewa, imechorwa na nani? Na Galton. Mwaka 1879 maneno ya kila siku yakarudi pia, na yaliporudi, yalirudi na jina alilolitoa FitzRoy.

Wamarekani walizunguka sana kabla ya kufika hapohapo. Cleveland Abbe, mnajimu wa kisayansi wa Cincinnati, alianza kutoa habari za hewa ijayo mwaka 1869, akaziita za uwezekano, na watu wakampachika jina la utani la Mzee Uwezekano. Idara ya jeshi iliyochukua kazi hiyo iliendelea na neno hilo hadi 1876, ikahamia kwenye "dalili", na mwaka 1889 tu ndipo ikalikubali "forecast". Ukiniuliza mimi, neno la Abbe lilikuwa la kweli zaidi. Lilisema wazi kile ambacho FitzRoy alikitaja chini chini. Wamarekani waliurudia ukweli huo katikati ya miaka ya 1960, walipoanza kuwaambia watu nafasi ya mvua kwa asilimia, na siku hizi kompyuta za Ulaya hukokotoa kesho ileile mara nyingi kwa kubadilisha kidogo vipimo vya kuanzia, kisha zinaangalia majibu yanatawanyika kiasi gani.

Huku kwetu ofisi ya aina hiyo ilianza 1929, serikali ya kikoloni ilipounda idara moja ya hewa kwa Afrika Mashariki ya Kiingereza chini ya Albert Walter, aliyetoka Mauritius. Idara iliishi hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na yake. Lugha ilipolazimika kulipa jina jambo hili, haikufuata njia ya FitzRoy. Tulichukua utabiri, neno ambalo asili yake ya Kiarabu linahusu kufasiri ndoto. Ndiyo maana Mtanzania aliyemsoma mnajimu Sheikh Yahya Hussein gazetini akitabiri mambo ya mwaka mpya, jioni alikaa mbele ya redio kusikiliza utabiri mwingine, wa mvua za vuli na upepo wa bahari, na hakuona ajabu yoyote. Mamlaka ya hali ya hewa ikikosea, anayelaumiwa bado anatendewa kama yule wa nyota: alituambia mvua, mvua iko wapi?

Waingereza nao, pamoja na neno lao la karani, hawajapona ugonjwa huo. Ila mabaharia wao wanajua kusoma. Redio ya taifa husoma hewa ya baharini kwa maeneo 31, moja baada ya jingine, kwa maneno machache yasiyobadilika. Mwaka 2002 eneo moja, kusini-magharibi, mbele ya pwani ya Hispania, lililazimika kubadilishwa jina kwa sababu Wahispania walilitumia jina hilohilo, Finisterre, kwa eneo lao lenye mipaka tofauti. Tangu Februari mwaka huo linaitwa FitzRoy. Katika yote 31, ni hilo tu lenye jina la mtu.